Hakuna Mrithi Mwingine Anayejulikana

Mzee Leonard tulimzika Jumatano. Mchungaji alisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi moja: jeshi, ofisi ya hati za ardhi miaka thelathini, kwaya, mke aliyetangulia. Ortlieb hakutajwa, na sikushangaa. Ni watu wachache waliojua kwamba mtu mweusi aliyezaliwa Maryland alitumia uzee wake kufuatilia maisha ya tajiri mmoja wa Ujerumani, aliyekufa zamani sana, wakati miji ilikuwa bado inazungushiwa kuta. Mimi nilijua kwa sababu mwaka mmoja, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilikuwa macho yake. Sasa nina hamsini. Kanisani nilikaa nyuma, sikulia, nikarudi nyumbani, nikavua koti, nikaanza kuandika haya kwa kalamu. Sina elimu kubwa. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sijawahi kumwonyesha mtu. Lakini kuna jambo la mwaka ule ambalo nilimweleza yeye tu kama lilivyokuwa, na sasa yeye hayupo.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali, Hyattsville, katika mtaa ambao karibu kila nyumba ilikuwa imepangishwa isipokuwa yake. Alikuwa amevunjika nyonga, na wakala aliyeniajiri alinituma nimwangalie mchana: kumwogesha, kumpikia, kumtembeza na kile kigari cha kushikilia, kuhakikisha amemeza dawa. Chumba cha kulia hakikuwa na mtu aliyekula ndani yake. Kulikuwa na makabati ya chuma ambayo ofisi yake ya zamani iliyatupa akayabeba, na juu ya meza mafaili yaliyofungwa kwa utepe mweupe. Mahali ambapo watu hutundika picha ya Yesu au ya harusi, yeye alitundika picha ya kaburi: mwanamume mnene wa jiwe, amelala chali, mikono kifuani, na mbwa mdogo wa jiwe miguuni pake. Huyo ndiye Ortlieb. Leonard alimwona alipokuwa askari kijana huko Ujerumani, siku alipoingia kanisani kujikinga na mvua. Mlinzi wa kanisa alimwambia kwamba yule bwana mkubwa, aliyekuwa meya mara nne na mwenye vijiji vitatu, alizaliwa mtoto wa mtengeneza ngozi, nyumba iliyonuka mtaa mzima. Leonard akajifunza Kijerumani, na miaka mingi baadaye, alipostaafu, akaandika barua na kulipia nakala za kila karatasi yenye jina la mtu yule. Alizitafsiri zote kwa Kiingereza, kwa taipureta, kabla macho hayajaharibika. Nilipofika, katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa jeusi, kwa hiyo baada ya chai mimi ndiye niliyesoma, nikigeuza kwa Kiswahili kama alivyopenda, na kuandika maelezo ya kitabu alichotaka kutunga juu ya mtu huyo.

Kiswahili alikijifunza ukubwani, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa mama mmoja Mtanzania aliyefundisha chini ya kanisa. Kilikuwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Ndugu Barasa, karibu sana. Je, umekwisha pata kifungua kinywa?"

"Niko tu sawa, Mzee."

"Hilo si jibu. Umekula au hujala?"

"Sijakula."

"Basi tuanze hapo."

Alinifundisha kumpikia chakula chake cha asubuhi, mahindi ya chenga yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, siagi juu. Nilimwambia kwamba huo ni ugali uliokosa msimamo. Alicheka mpaka akashika nyonga, na kutoka siku hiyo kila asubuhi aliniuliza kama msimamo umepatikana.

Nakiri kwamba nilimpenda Ortlieb tangu mwanzo. Alianza na kibanda cha mikanda na viatu pale darajani, ambapo kila aliyeingia mjini alilazimika kupita. Akaingia kwenye biashara ya chumvi. Kisha akamwoa mjane wa mjumbe wa baraza la mji, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka mingi na aliyekuwa na kiti kanisani mstari wa mbele, na haukupita muda kiti cha marehemu barazani kikawa chake.

"Aliingilia mlango wa jikoni," alisema Mzee.

"Lakini aliingia," nikasema.

Barazani alipewa kusimamia daraja, halafu akawa mwangalizi wa yatima, yaani mjumbe anayetunza mali ya watoto waliofiwa na baba mpaka wakue. Ndipo akawa meya. Na kila cheo kilifuatwa na ardhi: shamba la mizabibu, vinu viwili vya kusaga nafaka mtoni, kisha vijiji. Tulibishana tumwite nani kwa Kiswahili. Mzee alitaka mwungwana. Mimi nikasema kwetu huyo ni kabaila.

"Kabaila huzaliwa kabaila. Huyu alitafuta."

"Basi bwanyenye."

"Andika mwungwana, ndugu. Tutamhukumu tukimaliza kusoma."

Leo najua kwa nini sikutaka ahukumiwe. Nilikuwa na mpango wangu. Baba mdogo Wafula, mzee wa ukoo wetu huko Bungoma, alikuwa akinipigia simu kila wiki kunihimiza nirudi nigombee uwakilishi wa wadi. Alisema watu wamechoka na yule aliyepo, na kwamba mtu aliyekaa Marekani anasikilizwa hata akikohoa. Kasoro yangu ilikuwa moja tu. "Huna boma," aliniambia. "Mtu asiye na boma anaombaje kura? Watakuuliza, wewe ukija unalala wapi?" Nilikuwa nimeuza kipande changu cha shamba kununua tiketi ya kuja huku. Nikawa namsoma Ortlieb kama mtu anayesoma ramani ya njia atakayopita kesho.

Jumapili niliwasimulia wenzangu. Tulikuwa watatu katika nyumba ya kupanga Laurel: mimi, Kimani wa Nyeri aliyeendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala Landover, na Papa Dieudonné wa Bukavu aliyesafisha ofisi. Baada ya kanisa tulipika ugali, kuku, na yale majani mapana ya huku ambayo ukiyachemsha kwa muda mrefu yanakubali kuitwa sukuma. Kimani alimfurahia Ortlieb kuliko hata mimi.

"Buda, huyo ni hasla! Alianzia kibanda! Sasa wewe, Mheshimiwa, utaanzia wapi na huna hata kibanda?"

"Nitaanzia Bungoma."

"Na kwa mabango tutaandika nini?"

"Kula kidogo kidogo," akasema Papa Dieudonné bila kuinua macho kutoka kwenye paja la kuku, na tukacheka sote. Jina la Mheshimiwa likanishika. Nilijifanya linanikera.

Shamba ambalo Baba mdogo alilifikiria lilikuwa la kaka yangu Masinde, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua miaka mitatu kabla. Lilipakana na lami, karibu na soko. Masinde aliacha mwanamke, Rose, na watoto wawili, Nekesa na Simiyu. Lakini hakuwa amepeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Rose. Alikuwa akisema mwakani, mwakani. Kwa mila yetu, ng'ombe wasipofika watoto huhesabiwa ni wa kwa mama yao, na baada ya mazishi Rose alirudi kwa wazazi wake Kitale nao. Ili shamba libadilishwe jina, chifu huandika barua kutaja kila aliyeachwa na marehemu, na anayetajwa ndiye anayejulikana mbele ya mahakama. Baba mdogo alinipigia mchana mmoja nikiwa namsubiri Mzee amalize usingizi wake.

"Kijana wangu, chifu ameandika. Jina ni lako peke yako."

"Na watoto wa Masinde?"

"Ng'ombe walifika kwa kina Rose?"

"Hawakufika."

"Sasa unauliza watoto gani?" Akalainisha sauti. "Ukipata cheo utawasomesha. Wewe si mtu mbaya. Kiongozi ni baba wa wote."

Sentensi hiyo niliipenda. Nilijirudia nayo nikiendesha gari kurudi Laurel. Alichobakisha kwangu kilikuwa hati ya kiapo, aliyonitumia kwa barua pepe: niichape, niiape mbele ya mtu anayeruhusiwa, niirudishe kwa kampuni ya vifurushi. Nilimweleza Kimani, na nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba. Asubuhi moja nikiwa bafuni nanyoa ndevu niliwasikia jikoni.

"Ule Barasa ni muntu muzuri," alikuwa akisema Papa Dieudonné. "Lakini atakula shamba ya batoto."

"Si ni mila yao?" akasema Kimani. "Marehemu hakulipa ng'ombe."

"Bon. Na nani hakulipa? Ni batoto?"

Nilifungua bomba mpaka mwisho ili nisisikie zaidi. Kwa siku mbili nilikula chumbani kwangu, mkate na maziwa, kama mke aliyenuna. Hasira yangu haikuwa kwa sababu alikosea.

Alhamisi niliyopanga kwenda kuapa, majani ya mti wa mbele ya nyumba ya Mzee yalikuwa yameanza kuanguka, na aliniagiza nifungue faili la vile vinu viwili. Nilikuwa nimelisubiri. Nilitaka kuona mtoto wa mtengeneza ngozi anavyopata mali ambayo haitamtoka tena. Vinu vilikuwa vya msagaji mmoja aliyekufa kwa homa wakati Ortlieb ni mwangalizi wa yatima. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri kadiri nilivyoweza: Ortlieb alisimama mbele ya baraza, akaweka vidole viwili juu ya msalaba, akaapa kwamba, kwa kuwa ndoa ya msagaji haikufungwa mlangoni pa kanisa, hakuna mrithi mwingine anayejulikana, na vinu ni vya mji. Wiki mbili baadaye mji ulimwuzia yeye.

"Sasa soma inayofuata," alisema Mzee. "Hiyo ni ya miaka miwili kabla ya kiapo, wakati wa baridi."

Ilikuwa orodha ya vitu vilivyotolewa kwenye sanduku la yatima, kwa muhuri wa Ortlieb mwenyewe. Kwa watoto wawili wa msagaji: ngozi ya kondoo moja, viatu jozi mbili, moja ndogo sana.

"Alijua miguu yao," alisema Mzee.

"Majina yao?"

"Hayapo. Nimetafuta miaka tisa. Watoto wawili wa msagaji, basi. Hawaonekani tena popote."

Mwaka Masinde alipokufa niliwatumia Nekesa na Simiyu viatu vya shule. Rose aliwasimamisha juu ya karatasi ya daftari, akazungushia kalamu nyayo zao, akanitumia picha, nami nikaenda na vipimo hivyo dukani, nikavigeuza viatu huku na huku nusu saa nzima mpaka vikalingana.

"Mbona umeacha kusoma, ndugu?"

"Macho yamechoka, Mzee."

Hayakuwa yamechoka. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo. Ningependa kuandika kwamba niliichana ile hati na kwenda zangu. Saa tisa na robo nilikuwa benki, mbele ya dada mwenye kucha za njano na kibali cha kuapisha, aliyeniambia ninyanyue mkono wa kulia, akauliza kama ninaapa kwamba yote yaliyoandikwa mle ni kweli. Nikasema ndiyo, kwa sauti nzuri, kama bwana harusi. Akabonyeza muhuri, akanitakia siku njema. Bahasha ikakaa kwenye mfuko wa mlango wa gari langu siku tano. Baba mdogo alipiga kila siku kuuliza kama nimetuma, na kila siku nilisema kesho. Sikujua nangoja nini.

Jumanne nilimwambia Mzee. Nilichagua wakati ninapomsugua mgongo, kwa sababu hapo hakuna anayemwangalia mwenzake usoni.

"Mzee, nimefanya kama Ortlieb."

"Umenunua kinu?"

"Nimeapa."

Nikamweleza yote: barua ya chifu, ng'ombe ambao hawakufika, lami, kura, benki. Alikaa kwenye kile kiti cha bafuni, sabuni mabegani, maji yakipoa.

"Umeituma?"

"Iko kwenye gari."

"Basi nisuuze kwanza. Mtu asihubiri akiwa na sabuni."

Lakini hakuhubiri. Alipovaa nikampeleka kwenye meza ya mafaili, na kwa muda alipapasa utepe wa faili lililo mbele yake kana kwamba anatafuta fundo. "Pale ofisini," alisema, "zilikuwa zinakuja karatasi kama yako. Shamba la bibi fulani kusini mwa kaunti, wajukuu saba, na karatasi inasema mrithi ni mmoja. Wengine niliwajua. Niliimba nao kwaya. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama sahihi ipo na muhuri upo. Vilikuwapo. Nikaipokea, nikaiandikisha, nikaita mtu anayefuata."

"Ungefanya nini, Mzee?"

"Ningeuliza swali moja. Wengine wanaitwa nani? Nilikuwa na miaka thelathini ya kuliuliza." Akageuza kichwa pembeni, kama alivyofanya alipotaka kuniona, kwa sababu pembeni ndiko macho yake yalikobaki. "Na walioleta karatasi hizo hawakuwa na pembe, ndugu Barasa. Walivaa suti nzuri. Waliniita bwana. Karatasi ambayo haijafika dirishani kwa karani ni karatasi tu. Ilete hapa. Kisha chukua nyingine, uandike upya, majina kamili."

Nikaleta bahasha na kalamu. Nikaandika Nekesa, nikakwama. Sikujua jina lake la shule wala tarehe yake ya kuzaliwa. Nilijua mguu wake.

Yaliyofuata nitayasema hapa kwa ufupi, kwa sababu ni mafupi. Hati ya kwanza tuliichana, ya pili nikaiapa kwa dada yuleyule wa kucha za njano, ambaye hakunikumbuka. Chifu alilazimika kuandika barua nyingine. Baba mdogo aliniambia nimeua nyumba yetu kwa mkono wangu, akaacha kupokea simu zangu, na alikufa bila kuzungumza nami. Mtu mwingine aligombea wadi ile akashinda. Sasa ana kituo cha mafuta na viwanja vitatu, na nikiona picha yake huwa naumwa na wivu, sitadanganya. Mimi sina shamba kwetu, na umri unavyokwenda nafikiria jambo hilo zaidi ya nilivyodhani nitafikiria. Nyonga ya Mzee ilipona, wakala akanipeleka kwingine mwaka ulipokwisha, lakini Jumamosi nilikuwa nikipita kumsomea. Kitabu chake juu ya Ortlieb hakukimaliza. Hatukuwahi kufikia ile siku ya kumhukumu.

Lakini Jumanne ile nilikuwa bado na karatasi yenye neno moja. Ilikuwa saa tano asubuhi Hyattsville, saa kumi na mbili jioni Kitale. Nilikuwa na namba ya Rose, ambayo sikuipiga kwa miaka miwili. Mzee akaniambia niweke simu mezani sauti iwe juu.

"Haloo?"

"Shemeji, ni Barasa."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Kumbe uko hai."

"Niko. Shemeji, nataka majina kamili ya watoto. Ya kuandika kwa karatasi ya shamba."

"Ya kuandika ama ya kufuta?"

Nikamwambia kwamba nilikwisha kuapa kuwafuta, na kwamba karatasi hiyo iko mbele yangu na haijaenda.

"Mzee Wafula alikuja hapa na chifu," akasema. "Walisema ni wewe uliomba."

"Sikuomba. Lakini sikukataa."

"Mimi sitakutajia. Wenyewe wako na midomo." Akaita, na hatua zikaja mbio, kisha sauti nyembamba, ya mtu wa miaka kumi na miwili aliyeambiwa asicheke na mgeni.

"Anko."

"Nekesa, niambie jina lako lote. Polepole."

"Nekesa Mary Masinde. Na huyu ni Simiyu Brian Masinde. Tarehe pia unataka?"

"Nataka."

Akazitaja zote mbili, yake na ya mdogo wake, bila kusita. Kalamu yangu ilikuwa nyuma yake.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikasoma: Nekesa Mary Masinde, binti wa marehemu. Simiyu Brian Masinde, mwana wa marehemu. Barasa, ndugu wa marehemu.

"Na Mama umemwandika wapi?"

Nikaitazama karatasi. Nikamtazama Mzee, karani wa miaka thelathini, naye alikuwa ameinamisha kichwa, kwa maana hata yeye hakuwa ameuliza. Nikaiweka kando, nikachukua karatasi safi, nikaanza tena kutoka juu.

"Jina la Mama lote ni nani?" nikauliza.

"Hilo muulize mwenyewe," akasema Nekesa, na nikasikia simu ikirudi mikononi mwa mama yake.